Nani ahudumiwe, na kwa siri gani? Unyanyapaa katika vituo vya afya vya Simiyu

Mjadala wa unyanyapaa katika hospitali za Tanzania huchanganya maswali mawili. La kwanza ni la tiba: mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU), au aliye katika hatari kubwa ya kuvipata, apokelewe vipi anapofika kituo cha afya? La pili ni la maadili na sheria: jamii iuchukulieje uhusiano wa kimapenzi wa watu wa jinsia moja? Swali la kwanza lina majibu ambayo Wizara ya Afya imekuwa ikiyaandika kwenye miongozo yake kwa miaka mingi. La pili limewagawa watu. Mwaka 2023 Uganda ilipitisha sheria kali dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, na mjadala ukavuka mpaka hadi kwenye mimbari, vijiwe na simu za Watanzania. Tangu hapo swali la pili limelimeza la kwanza.

Matokeo yake ni mkanganyiko. Wapo wanaoamini kwamba kumfundisha muuguzi asimdharau mgonjwa ni kuhalalisha ushoga kwa mlango wa nyuma. Wapo wanaodhani unyanyapaa wa VVU umekwisha, kwa kuwa dawa zipo na wagonjwa wana afya njema. Na wapo watoa huduma wanaosita, wakijiuliza kama sheria inawaruhusu kumtibu mwanamume aliyepata ugonjwa wa zinaa kwa kulala na mwanamume mwenzake. Uchambuzi huu unalitazama suala hilo kutokea Mkoa wa Simiyu, ambako vituo viko mbalimbali, watu wanafahamiana, na suluhisho lililobuniwa kwa ajili ya Dar es Salaam haliwezi kuhamishwa bila kupimwa upya.

Tulikotoka

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa takriban miaka 20 iliyofuata, ugonjwa ulijulikana kwa mwili uliokonda na kwa msiba. Hofu ya wakati huo ilikuwa na sababu, kwa kuwa tiba haikuwapo. Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, iliundwa mwaka 2001, na mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, inayokataza unyanyapaa na ubaguzi na kumtaka mtoa huduma atunze siri ya majibu ya vipimo. Oktoba 2016 ukaanza utaratibu wa kupima na kutibu, ambapo anayegundulika huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga yake ishuke. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yakaruhusu mtu kujipima mwenyewe, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15.

Sayansi nayo ilikuwa ikisogea. Utafiti wa HPTN 052, ulioshirikisha wenza katika nchi kadhaa na kutoa matokeo mwaka 2011, ulionyesha kuwa dawa humkinga pia mwenza wa mgonjwa. Tafiti za PARTNER zilizofuata zilithibitisha kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kwa maneno mengine, sababu ya kitabibu ya kumwogopa mgonjwa anayetumia dawa vizuri imekwisha.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Kati yao, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao wa dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Lengo la kimataifa ni asilimia 95 katika kila hatua. Namba hizo zinaonyesha pengo lilipo. Aliyekwisha kugundulika anahudumiwa vizuri. Anayekosekana ni yule asiyefika kupima, na unyanyapaa hufanya kazi yake kubwa zaidi hapo hapo, kabla mtu hajafungua mdomo mapokezi.

Miongoni mwa wasiofika wamo watu ambao wataalamu huwaita makundi maalumu: wanawake wanaouza ngono, wanaojidunga dawa za kulevya, na wanaume wanaofanya ngono na wanaume wenzao. Wizara ilitoa mwongozo wa huduma kwa makundi hayo mwaka 2014 na kuurekebisha mwaka 2017. Katikati ya miaka hiyo upepo ukageuka. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku vilainishi na kusitisha huduma za mitaani zilizowalenga wanaume hao. Februari 2017 ikatangaza kuviondoa vituo binafsi 40 katika huduma za VVU kwa makundi maalumu, kwa madai kwamba vilikuwa vikihamasisha ushoga. Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsia moja. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali.

Kwa mtoa huduma wa ngazi ya chini, mfululizo huo ulimaanisha kwamba mwongozo unasema hudumia, jukwaa la siasa linasema kamata, na hakuna aliyemwandikia kumweleza afuate lipi.

Simiyu na mazingira yake

Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga, na Wilaya ya Busega ikatolewa Magu, Mwanza. Makao makuu ni Bariadi, na wilaya nyingine ni Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.1, wengi wao Wasukuma wanaoishi kwa kilimo na mifugo. Pamba ndiyo huleta fedha za msimu. Wakati wa ununuzi, fedha, madereva na vibarua hukutana, kisha hutawanyika. Mji wa Lamadi, kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma kando ya Ziwa Victoria, una mchanganyiko wa uvuvi, biashara na wasafiri. Wafugaji wa Meatu huhama na ng'ombe wao. Kila moja ya mienendo hiyo hufanya mpango wa kliniki ya kila mwezi kuwa mgumu kufuatwa.

Picha ya karibu zaidi ya unyanyapaa katika maeneo haya inatoka Kisesa, wilayani Magu, ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, tawi la Mwanza, imewafuatilia wananchi tangu mwaka 1994. Utamaduni ni uleule, umbali si mkubwa. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2009, miaka michache baada ya dawa kuanza kutolewa, zilikuta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Dawa ziliwarudishia wagonjwa nguvu na matumaini, wakaanza kuuona ugonjwa wao kama magonjwa mengine. Lakini baadhi ya wanajamii waliingiwa na shaka mpya, kwamba sasa mwenye virusi hatambuliki kwa macho, hivyo anaweza kuwaambukiza wengine kimyakimya. Hofu ya kifo ilipungua, lawama ya kimaadili ikabaki mahali pake.

Utafiti mwingine wa mkoani Mwanza, wa Gerry Mshana na wenzake mwaka 2006, ulieleza jinsi watu wanavyoweza kusema mgonjwa amerogwa, akapata maradhi yanayofanana na UKIMWI. Maelezo hayo yana manufaa ya kijamii, kwa kuwa humwondolea mgonjwa lawama ya uzinzi na kuilinda heshima ya familia. Gharama yake ni kwamba humpeleka kwa mganga wa jadi kwanza, na zahanati baadaye. Anayeona kwamba watu wa vijijini "hawaelewi" anakosea. Wanaelewa kabisa kwamba ugonjwa huu unahukumiwa, ndiyo maana wanatafuta jina lisilo na hukumu.

Unyanyapaa unazalishwaje ndani ya kituo

Ni rahisi kumlaumu muuguzi mwenye maneno makali. Lakini ukichunguza kwa makini utaona angalau vyanzo vinne, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni hofu ya kuambukizwa kazini. Muuguzi anayezalisha usiku, glavu zikiwa pungufu, ana sababu ya kuogopa. Hofu yake huonekana kwenye vitendo: kuvaa glavu mbili kwa mgonjwa mmoja tu, kumwacha wa mwisho, kuweka alama kwenye faili. Mahubiri ya huruma hayaondoi hofu hii. Inaondolewa na vifaa, na kwa kuhakikisha kwamba aliyechomwa na sindano anapata dawa za kuzuia maambukizi haraka, bila kuhojiwa kama mtuhumiwa.

Cha pili ni hukumu ya kimaadili. Mtoa huduma ni mtu wa jamii yake. Anasali pamoja nayo na kulea watoto ndani yake. Anayeamini kuwa VVU ni mshahara wa dhambi hawezi kubadilishwa na bango ukutani. Anachoweza kufundishwa ni kutenganisha imani yake na kazi yake, kama anavyomtibu jambazi aliyejeruhiwa au dereva mlevi aliyesababisha ajali.

Cha tatu, na kinachosahaulika zaidi, ni mpangilio wa huduma wenyewe. Kliniki ya tiba na matunzo, ambayo wengi huiita CTC, mara nyingi ina jengo lake, siku zake, kadi yake na benchi lake. Utaratibu huo uliwekwa kwa nia njema, ili wagonjwa wapate wataalamu waliobobea na dawa zisikosekane. Lakini katika mji ambao kila mtu anajua nani ni shemeji wa nani, kuketi kwenye benchi hilo ni kutangaza hali yako. Hapo hakuna aliyetukana wala kuvujisha siri; benchi limekwisha kusema. Ndiyo maana wapo wanaokipita kituo cha jirani na kulipa nauli kwenda wilaya nyingine, na msimu wa fedha ukiisha, nauli ikiisha, dawa nazo hukatika.

Cha nne ni utata wa sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni za Adhabu kinaadhibu kuingiliana kimwili kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kifungu hicho kinaadhibu kitendo. Hakimkatazi daktari kutibu, wala hakiufanyi ugonjwa kuwa kosa. Lakini muuguzi hana mwanasheria wa kumuuliza. Akiwa na shaka huchagua njia isiyomhatarisha yeye, ambayo ni kukwepa: "rudi kesho," "nenda hospitali ya mkoa," "lete mke wako kwanza."

Vyanzo hivi hukutana kwa mtoa huduma ambaye naye anaishi na VVU. Akijua jinsi wenzake wanavyowasema wagonjwa, atachukua dawa mbali na kituo chake, au hatazichukua kabisa. Kituo kinachoshindwa kutunza siri ya mfanyakazi wake hakiwezi kumshawishi mwananchi kuwa siri yake iko salama.

Msimamo wa kwanza: sheria na maadili ya jamii kwanza

Wenye msimamo huu wanasema huduma za VVU ziwe kwa kila raia, lakini pasiwe na mpango wowote unaowataja wapenzi wa jinsia moja. Hoja yao ina uzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Sheria ipo, na mtumishi wa umma hawezi kuombwa aidharau. Kituo cha afya hutegemea imani ya jamii: kamati ya usimamizi, viongozi wa dini na wenyeviti wa vijiji wakikishuku, hata chanjo za watoto zitayumba. Pia ni kweli kwamba vipaumbele vya wafadhili wakati mwingine huwa vikubwa kuliko uwezo wa mkoa ambao bado unahangaika na vifo vya uzazi na malaria.

Udhaifu wake uko kwenye matokeo. Virusi havifuati mipaka ya makundi. Wanaume wengi wanaofanya ngono na wanaume wana wake au wapenzi wa kike, hivyo asiyepimwa kwa kuogopa ni mume wa mtu na baba wa mtu. Tafiti zilizofanyika Dar es Salaam katika muongo wa 2010 zilikuta maambukizi miongoni mwa wanaume hao yakiwa juu kuliko ya wanaume kwa jumla. Kuwanyima huduma hakukuwapunguza. Kulipunguza uwezo wa nchi kujua walipo. Anayekataliwa hospitalini hakosi pa kwenda. Yapo maduka ya dawa, ambako hununua vidonge kwa kukisia bila kipimo cha VVU, na usugu wa dawa humrudia kila mmoja wetu.

Msimamo wa pili: huduma zilizotengwa

Wa pili wanasema mgonjwa anayeogopa atafutiwe mahali pake: kituo rafiki, muda maalumu, waelimishaji rika wanaotoka katika kundi lake. Nguvu ya njia hii ni kwamba inawafikia watu ambao hakuna mwingine anayewafikia. Mwelimishaji rika anajua wapi pa kuwapata dada poa wa Lamadi na saa ngapi. Muuguzi wa zamu hajui, na hana muda wa kujua.

Lakini ina mapungufu matatu makubwa kwa mkoa kama Simiyu. Kwanza, mlango maalumu huonekana. Dar es Salaam mtu huweza kupotea kwenye umati. Bariadi, mlango wa "watu wale" hujulikana kabla rangi haijakauka. Mtwapa, pwani ya Kenya, mwaka 2010 kundi la watu wenye hasira lilivamia kituo cha taasisi ya utafiti ya KEMRI baada ya uvumi wa harusi ya wanaume wawili na madai kwamba kituo kiliwahudumia wapenzi wa jinsia moja. Pili, huduma hii huishi kwa fedha za mradi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Ruhusa ya muda iliyofuata iliokoa dawa za tiba na kinga ya maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto, lakini dawa kinga kwa wasio na virusi zikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Makundi maalumu yalikuwa ya kwanza kukosa. Tatu, tamko moja la kisiasa linaweza kuifunga, kama ilivyotokea mwaka 2017.

Msimamo wa tatu: huduma ileile kwa wote

Wa tatu wanasema pasiwe na mlango maalumu. Kila chumba kiwe cha siri, kila mtoa huduma afunzwe, kila mgonjwa aulizwe maswali yaleyale. Mafunzo yana ushahidi kutoka ukanda huu huu. Utafiti wa pwani ya Kenya uliochapishwa mwaka 2013 uliwafundisha watoa huduma 74 kutoka vituo 49 kwa siku mbili kuhusu afya ya wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Miezi mitatu baadaye maarifa yalikuwa yamepanda na chuki ilikuwa imepungua. Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Minnesota, kilijaribu mtaala wa afya ya ujinsia kwa wanafunzi wa uuguzi, ukunga na udaktari. Maana yake ni kwamba jambo hili linaweza kufundishwa ndani ya chuo cha umma cha Tanzania, kama somo la taaluma, bila kugeuzwa kampeni.

Nguvu nyingine ni ya kisiasa. Hakuna anayeweza kupinga siri kwa wote. Mama mjamzito, kijana mwenye kisonono, mwalimu anayetumia dawa za kufubaza virusi na mwanamume anayeficha mapenzi yake, wote hunufaika na mlango unaofungwa na faili lisilozagaa.

Udhaifu wake ni kwamba usawa wa maneno unaweza kuficha mahitaji halisi. Daktari asiyeuliza hataona ugonjwa wa zinaa ulio kwenye njia ya haja kubwa, na mgonjwa hatautaja. Kuunganisha huduma nako kuna gharama. Muuguzi mmoja wa zahanati anayepima wajawazito, kuchanja watoto na kutibu malaria akiongezewa wagonjwa wa VVU, foleni itarefuka na muda wa ushauri nasaha utafupika. Baadhi ya wagonjwa wenyewe hawataki CTC ivunjwe, kwa kuwa benchi lile lililowatangaza ndilo pia lililowapa marafiki, vikundi vya kuweka akiba na watu wa kuwakumbusha dawa.

Msimamo wa nne: mahakama na haki

Wa nne wanataka sheria zibadilishwe au zisimamiwe mahakamani. Kenya inatoa mifano ya pande zote. Sheria yake ya VVU ya 2006 iliunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya ubaguzi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha sheria hiyo kilichohusu kumwambukiza mwingine, kwa kuwa hakikueleweka vizuri. Machi 2018 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa iliamua kwamba kuwapima wanaume kwa nguvu kwenye njia ya haja kubwa ili kupata ushahidi ni kinyume cha katiba. Lakini Mei 2019 Mahakama Kuu hiyohiyo ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu vinavyoadhibu ngono ya jinsia moja.

Suala la vipimo vya nguvu linaigusa Tanzania pia, kwa sababu Human Rights Watch imeandika kuhusu vipimo hivyo kufanyika nchini. Mwaka 2017 Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari waache kuvifanya. Uzito wake kwa mada hii ni mkubwa: hospitali ikitumiwa kutafuta ushahidi wa polisi, hakuna mafunzo ya upole yatakayomrudisha mgonjwa. Hata hivyo njia ya mahakama ni ndefu na ghali, na huweza kuamsha upinzani mkali kuliko uliokuwapo. Kwa mgonjwa wa Itilima anayehitaji dawa wiki hii, hukumu ya miaka mitano ijayo si msaada.

Mizani

Ukiipima misimamo yote kwa maswali manne, picha inajitokeza. Je, njia hii inamleta asiyekuja? Je, inaishi fedha za mradi zikiisha? Je, inahimili upepo wa siasa? Je, inamlinda mtu asitambulike?

Msimamo wa kwanza unahimili siasa na hauhitaji fedha, lakini unashindwa swali la kwanza, ambalo ndilo kiini cha tatizo. Wa pili unafaulu vizuri kwenye swali la kwanza na kuanguka kwenye matatu yaliyobaki. Wa nne unajenga msingi wa muda mrefu lakini hautoi huduma. Wa tatu haupati alama ya juu kabisa popote, ila ndio pekee usioanguka kwenye swali hata moja, kwa sharti kwamba usiachwe kuwa kauli tupu. Katika mkoa wa vituo vichache na watu wanaojuana, siri ya mmoja hulindwa vizuri zaidi inapokuwa utaratibu wa wote. Kinachofaa kubakizwa kutoka msimamo wa pili ni waelimishaji rika, watakaofanya kazi nje ya kituo na kumwongoza mtu hadi kwenye mlango wa kawaida. Kinachofaa kubakizwa kutoka wa kwanza ni heshima kwa jamii: viongozi wake waelezwe mapema, kwa lugha ya afya ya familia, wasije kusikia kwa uvumi. Na kutoka wa nne, kanuni kwamba kosa la mtoa huduma lina pa kulalamikiwa.

Yanayowezekana Simiyu

Hatua za kwanza hazihitaji sheria mpya. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa inaweza kutoa waraka mfupi unaosema wazi kuwa kutibu si kosa, kwamba mgonjwa haulizwi kitendo chake isipokuwa pale jibu linapobadilisha tiba, na kwamba kumkataa mgonjwa ni kuvunja maadili ya kazi. Karatasi moja yenye sahihi humpa muuguzi ujasiri ambao semina kumi hazimpi.

Mpangilio wa kliniki unaweza kubadilishwa kwa hatua: kadi zinazofanana na za magonjwa mengine ya kudumu kama kisukari na shinikizo la damu, dirisha moja la dawa, na dawa za miezi kadhaa kwa wagonjwa waliotulia, hasa kabla ya msimu wa pamba au wafugaji kuhama. Vikundi vya wagonjwa vinaweza kuendelea kukutana kwa hiari yao, siku na mahali wanapochagua.

Mafunzo yamhusu kila mtu kituoni. Siri nyingi hazivuji kwa daktari. Huvuja masijala, getini, na kwa anayefagia chumba cha ushauri nasaha. Mafunzo ya mara moja husahaulika. Yarudiwe kila watumishi wapya wanapoletwa, na yaendane na glavu za kutosha, kwa sababu mtu mwenye hofu hasikii somo.

Mwisho ni malalamiko. Sanduku la maoni lililo mbele ya mapokezi halimsaidii anayeogopa kuonekana. Konga, yaani mitandao ya watu wanaoishi na VVU, zilizo chini ya baraza lao la kitaifa, NACOPHA, zinaweza kupokea malalamiko na kuyafikisha kwenye kamati za usimamizi wa vituo bila kutaja jina. Makosa mazito yaende kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga au Baraza la Madaktari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mgonjwa nguvu ya ziada, kwa kuwa taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa juu.

Kwa muhtasari

Unyanyapaa katika vituo vya afya hauna chanzo kimoja. Unatokana na hofu ya kuambukizwa, hukumu ya maadili, mpangilio wa huduma unaomtangaza mgonjwa, na sheria ambayo hakuna aliyemfafanulia mtoa huduma. Kuzuia huduma kwa jina la maadili huwasukuma watu gizani na kuziacha familia zao bila kinga. Kuwatenga kwenye vituo vyao huwafikia, lakini huwaweka wazi na kuwategemeza kwa mfadhili. Mahakama hujenga haki polepole. Kwa Simiyu, njia yenye uwiano bora ni huduma moja yenye siri kwa kila mgonjwa, ikisaidiwa na waelimishaji rika, mafunzo yanayorudiwa na njia salama ya kulalamika.

Njia hiyo haimtaki mtu yeyote abadili dini yake au msimamo wake kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Mjadala huo una mahali pake, bungeni na kwenye nyumba za ibada, na utaendelea. Kinachotakiwa mapokezi ni kidogo zaidi, na kinaweza kupimwa: je, mgonjwa aliyeingia ametibiwa ugonjwa aliokuja nao, siri yake imebaki pale, na atarudi tarehe aliyopangiwa? Kituo ambacho kinaweza kujibu ndiyo mara zote tatu kimetimiza sheria ya 2008 na mwongozo wa wizara, hata kama watumishi wake wote hawajakubaliana juu ya jambo jingine lolote.